Mzee wa Chini ya Tao la Sefu

Nyinyi mnaopenda visa vya mizimu ya usiku wa manane, hiki changu kitawavunja moyo. Wangu alikuja alasiri, watu wakiwa macho, moshi wa mafiga ukipanda, na mimi mwenyewe nikiwa na ufagio mkononi. Wala sikuhadithiwa na jirani aliyehadithiwa na shemeji yake. Alikaa mbele yangu karibu kama wewe ulivyokaa hapo, na nilimpa uji. Kama naongopa, basi chokaa ya nyumba ile na ianguke yote leo hii. Nendeni mkaitazame, bado imeshika.

Nyumba yenyewe mnaijua. Ni ile ya mashauri, waliyoijenga Wadachi ukishavuka mto Themi kuingia mjini. Siku hizi watu wakipita wanautazama ule mlango mkubwa wa tao, wanasema Wadachi walijua kujenga. Mdachi alichora kwenye karatasi, akavuta kiko chake. Aliyejenga ni mume wangu Sefu, fundi wa mawe kutoka Pangani, pamoja na Wameru na Waarusha waliotolewa mashambani kwao kwa kiboko wakabebeshwa mawe ya mtoni. Hilo nataka tulielewane kabla hatujaendelea.

Tulipanda huku tukiwa wapya katika ndoa. Nilipouona mlima Meru umejifunika wingu nilimwambia Sefu turudi, akacheka. Baridi ya huku haina adabu, inakuingia hata umejifunga kanga mbili na blanketi. Na mimi ni mtu wa kulalamika, sikatai. Nililalamikia ndizi za kupika, nikalalamikia ukungu, nikalalamikia na Kiswahili cha watu wa huku, maana wakati ule wengi walikijua kwa maneno machache tu ya sokoni. Sefu ananisikiliza mpaka nimalize, halafu ananiuliza, "Sasa umeshiba?" Tunacheka, tunalala.

Jioni, wafanyakazi wakishaondoka, alikuwa akinichukua kwenda kunionyesha kazi yake. Ndiyo maana naijua nyumba ile kama ninavyolijua jiko langu. Kuta zake ni nene, mtu mzima akinyoosha mkono dirishani hagusi nje. Mdachi anaogopa, alisema Sefu, ndiyo maana anataka ukuta kama wa ngome hata mahali pa kuzungumza. Ukumbi wa kusikilizia mashauri waliufanya mrefu kwenda juu, ili sauti ya bwana shauri ipande darini kisha imshukie mshtakiwa kichwani. Mbele kuna baraza pana ya kungojea, na kati ya baraza na ukumbi ndipo ulipo mlango wa tao, kazi aliyoipenda kuliko zote. Aliniambia tao ni mawe yanayotaka kuanguka yote kwa pamoja, yakasukumana njiani, basi yakashindwa. Nilimwambia hiyo ndiyo ndoa yetu.

Kila jiwe alilolilaza, kabla chokaa haijakauka, alibonyeza kidole gumba kwenye ungio. Nikamuuliza kama ni uganga. Akasema hapana, ni ili wajukuu wetu wakija wajue babu yao alishika wapi. Mtoto hatukuwa naye hata mmoja, lakini Sefu alikuwa ameshafika kwa wajukuu.

Sasa sikilizeni vizuri. Tao hujengwa juu ya kiunzi cha mbao, na kiunzi hicho hukazwa chini kwa kabari. Chokaa ikikauka, kabari zinagongwa, mbao zinashuka, tao linasimama lenyewe. Ukizigonga mapema, yanashuka yote, mbao na mawe. Jioni moja Sefu alirudi amenuna. Akaniambia msimamizi wao, Mdachi mmoja wa haraka haraka, anataka kiunzi kitolewe kwa sababu mkubwa wake yuko njiani kuja kukagua. "Chokaa bado mbichi," akasema. "Nimemwambia tungoje, hasikii." Asubuhi akachukua mwiko na timazi yake, akaenda kazini. Alasiri wakaniletea amefunikwa shuka.

Nilichoambiwa ni hiki. Kijana wa Kimeru, jina lake Ndekirwa, mmoja wa wale waliolazimishwa kazi, aligonga kabari, na tao likamwangukia Sefu aliyekuwa chini yake. Msimamizi akasema kijana alifanya makusudi, kwa kuwa Wameru waliichukia nyumba ile. Ndekirwa akafungwa ndani ya ngome ya askari, hatua chache kutoka hapo. Tao likajengwa upya na fundi mwingine, kwa mawe yaleyale, na nguzo zake mbili za pembeni, ambazo hazikuanguka, zikabaki kama Sefu alivyoziacha. Bwana shauri akaamua kwamba shauri la kwanza kusikilizwa ndani ya nyumba mpya liwe hilohilo, la mtu aliyeuawa na mlango wake. Alitaka kuifungua kwa kishindo.

Mtaniuliza, wewe si ulijua kwamba msimamizi ndiye aliyekuwa na haraka? Nilijua. Lakini aliyefiwa anatafuta mtu wa kumchukia, na Mdachi hachukiki vizuri, yuko juu ya farasi, hata uso wake huuoni sawasawa. Ndekirwa alikuwa karibu, nyuma ya mlango wa mbao, nikipita nasikia anakohoa. Nikamchukia yeye.

Watu wa kwao walituma ujumbe kupitia kwa Ana, jirani yangu, Mmeru aliyebatizwa kwa wamisionari kisha akaolewa na askari. Baba yake kijana alikuwa anaomba kuja kwangu kuzungumza. Nikamwambia Ana awaambie wasikanyage kizingiti changu. Mzee akatuma tena, nikakataa. Akatuma mara nyingine, nikamwambia Ana akilileta neno hilo tena kwangu asije hata kuomba moto. Ana akaenda zake. Ni mwanamke mpole, lakini upole wake una mwisho wake, mtaona.

Upande wa bwana shauri alikaa liwali, mzee wa pwani kama sisi, kazi yake kumweleza Mdachi desturi za watu. Huyo ndiye aliyeniita akaniambia kwamba siku ya shauri nitaulizwa neno langu. "Wewe ndiye mwenye damu, mwanangu," akasema. "Ukisema anyongwe, atanyongwa. Ukisema vingine, Mdachi itambidi akusikilize, maana nimemweleza kwamba ndiyo sheria yetu." Nikamwambia jibu langu liko tayari, na yeye akatazama chini. Kwa hiyo eleweni: uhai wa kijana yule ulikuwa umewekwa mdomoni mwangu, na mdomo wangu mnaujua.

Nilipotoka eda, liwali alinipatia kazi ya kufagia nyumba ileile. Wengine walishangaa nitawezaje. Mimi nilitaka. Nikifagia napitisha mkono kwenye nguzo za tao, naziona zile alama za kidole gumba, naweka changu ndani. Chake kilikuwa kipana, changu kinaingia chote na nafasi inabaki. Nililia hapo siku nyingi, nauambia ukuta mambo ambayo ningemwambia yeye, hata habari za bei ya nazi.

Basi ikawa masika, na shauri lilikuwa keshokutwa yake. Mvua ya Meru ikishaamua kunyesha haina mchezo. Makarani walikuwa wameondoka mapema, askari wa zamu amejikunyata huko kwenye ngome yao, na mimi nahangaika na matope. Wadachi walitaka sakafu ile ya chokaa iwe nyeupe, na watu wa nchi hii wote wana shamba miguuni. Kila aliyekuja kuandikisha shauri lake kwa makarani aliniachia udongo wa kupanda viazi. Nilikuwa nimeinama nikinung'unika peke yangu. Nilipoinuka, nikamwona mzee amekaa chini ya tao.

Alikuwa amekaa pale kizingitini, mgongo kwenye nguzo, amevaa ngozi ya mbuzi ya kizamani, na mkononi ameshika jani refu la kijani lililochongoka kama upanga. Nilishangaa kidogo, kwa sababu Wameru hawakukaa pale. Tangu Sefu afe walikuwa wakipita chini ya tao lile mbio, wameinamisha vichwa. Tena nikatazama sakafu. Hakuna tope hata tone. Nikasema moyoni, afadhali, leo nimepata mgeni mwenye adabu, amepangusa miguu. Niaminini, hilo ndilo lililonijia. Kwamba mvua inapiga na mabega yake ni makavu, hilo nililiwaza baadaye sana.

Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mama," kwa sauti ya mtu aliyetoka kupanda kilima na pumzi haijamrudia. Kisha akageuka kutazama mvua. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka vibaya, na mimi hata niwe na hasira namna gani, mzee aliyechoka simwachi hivihivi. Nyuma ya nyumba nilikuwa na chungu changu cha uji. Nikamletea bakuli moja, la moto. Akalipokea kwa mikono miwili, akaweka uso kwenye mvuke, akafumba macho. Hakunywa.

Halafu akaliweka chini, akageuka, akaanza kupapasa mawe ya nguzo. Alipapasa polepole mpaka akafika kwenye ungio lenye alama ya Sefu. Akaweka kidole gumba chake ndani. Nilitaka kumzuia, maana pale palikuwa pangu. Lakini alikiweka taratibu, kama mtu anayemgusa mtoto mwenye homa, na mkono wangu ukakataa kuinuka. Tukakaa hivyo, yeye na kidole chake, mimi na ufagio wangu, mvua inanyesha.

Ndipo akaniinamia, akaninyooshea lile jani kwa mikono miwili. Akasema, "Mama. Pokea."

Mimi nilifunzwa kwetu kwamba kitu cha mtu mzima hakikataliwi, na kinapokewa kwa mikono miwili. Nikadhani labda ni shukrani ya uji, hana kingine cha kunipa. Nikapokea. Mzee akaanza kulia, machozi tu, bila sauti, akasema maneno mengi kwa Kimeru nisiyoyashika hata moja. Nikawa namwitikia, "Haya mzee. Haya. Haya baba," kama unavyomnyamazisha mtu yeyote. Akapumua. Pumzi ile aliyokuwa ameikosa ikamrudia, niliiona inamrudia kifuani. Akasimama mwepesi, akatoka mvuani, akashika njia ya kuelekea Themi.

Nilipoinama kuchukua bakuli, uji ulikuwa umejaa vilevile, na umepoa kama umelala nje. Mvuke nilikuwa nimeuona sasa hivi tu. Nikashtuka kidogo, nikajiambia ni baridi ya Meru. Baridi ya Meru nimeisingizia mengi.

Nikaenda nyumbani, nikalitumia lile jani kufunikia sahani ya vitumbua vyangu, nzi wasitue. Jioni hiyohiyo Ana akaja kuomba moto. Akasimama mlangoni, macho yake kwenye sahani. Kigae cha moto kikamponyoka.

Akaniuliza nani amenipa. Nikamwambia mzee mmoja, kwenye nyumba ya mashauri. Akauliza nililiokota au nilikabidhiwa. Nikamwambia nikabidhiwe nisikabidhiwe, kuna nini, jani ni jani. Ana akakaa chini, akanieleza polepole kama anavyofundishwa mtoto. Jani lile ni isale. Wameru wanalipanda mipakani na makaburini, na mtu aliyekukosea akija kwako na isale, anakuomba msamaha. Unaweza kukataa kuliona, unaweza kufunga mlango, unaweza kukimbia. Lakini ukishalipokea mkononi, umesamehe.

"Mimi sijamsamehe mtu," nikasema. "Nimepokea jani."

"Ndiyo hivyo, Mama Fundi," akasema. "Umelipokea."

Mnaona mtego huo? Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Mzee kanijia kwa hila, nikasema, kaninyemelea na mimi sijui mila zao. Ana akasema labda. Nikamwuliza kama linarudishwa. Akafikiri, akasema hajawahi kusikia, lakini kama nataka kulirudisha basi nimrudishie aliyenipa, mkononi mwake. Na aliyenipa, kwa jinsi nilivyomweleza alivyo, ni baba yake Ndekirwa, na kwao Ana anapajua. Nikamwambia alfajiri tunaondoka.

Tulivuka Themi ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji, tukapanda upande wa Wameru, migomba kulia na kushoto, utelezi usiosemeka. Mimi mbele, nimelishika jani langu kama mtu anayekwenda kudai. Watu waliokuwa wakikutana nasi njiani walisimama kando, wakatupisha, wengine wakainamisha kichwa. Wanawake waliokuwa wakichota maji wakaacha kuzungumza. Nikasema moyoni, wananiogopa, na waniogope. Ana alikuwa kimya njia nzima, na mimi nikadhani amechoka.

Tukafika kwenye nyumba moja ya majani katikati ya migomba. Mwanamke mzee akatoka, amenyoa kichwa. Akanitazama, akatazama mkono wangu, akafunika mdomo. Kisha akanijia moja kwa moja, akalitwaa lile jani mkononi mwangu kwa mikono yake miwili, akalikumbatia, akaniangukia begani akilia. Alikuwa mfupi, kichwa chake kikafika hapa, chini ya shingo yangu.

Nikamwuliza Ana huyu ananililia nini. Ana akasema, na nadhani alikuwa akizuia tabasamu na machozi kwa wakati mmoja, "Huyu ni mama yake Ndekirwa. Umekuja kwake na isale mkononi, dada. Anajua umekuja kumwomba msamaha kwa ajili ya mwanawe aliyefungwa. Anasema amekusamehe."

Mimi! Mwenye damu! Nilifungua mdomo nimwambie hapana, nimekuja kurudisha, mumeo yuko wapi aje achukue kitu chake. Nikamwambia Ana amuulize hivyohivyo. Ana akauliza. Yule mama akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, ndani ya migomba. Palikuwa na kaburi. Udongo wake ulikuwa umeshaanza kushikamana kwa mvua, na kichwani pake wamepanda isale.

Alikuwa amezikwa wiki iliyopita. Aliumwa tangu mtoto wake alipofungwa, Ana akanitafsiria, na kila alipotuma mtu mjini alikata isale na kumpa, na kila mara mtu alirudi nalo. Mara ya mwisho alisema watu hawa hawajui kubeba, nitakwenda mwenyewe. Akajaribu kusimama. Hakufika mlangoni. Nilisikia yote hayo nikitazama ile isale ya kaburini. Ilikuwa na majani mengi mazima, na katikati, lile refu kuliko yote, lilikuwa limevunjwa. Mama akaweka jani langu hapo. Likaingiana, mkato kwa mkato, kama mawe mawili yaliyochongwa na fundi mmoja.

Jamani, nifanye nini? Nikae nimgombeze marehemu? Nilikaa chini pale kwenye majani yaliyolowa, mke wa fundi mzima, na kanga yangu safi, nikalia. Nilimlilia Sefu, na nikamlilia mzee yule aliyetembea mvuani bila mwili kwa ajili ya mtoto wake, akanikuta na ufagio. Yule mama akakaa pembeni yangu tukalia pamoja, kila mtu kwa lugha yake. Baadaye akachimba isale changa na mizizi yake kutoka kaburini, akanifungia kwenye jani la mgomba. Ana akasema tangu tulipovuka mto alijua watu watanionaje na jani lile mkononi, na alikuwa akimwomba Mungu nisigeuke kumuuliza. Nilimwambia nitamsamehe siku nyingine, leo nimeshasamehe vya kutosha.

Siku ya shauri ukumbi ulijaa mpaka barazani. Bwana shauri juu kwenye kiti chake, liwali pembeni, msimamizi amekaa mbele na buti zake. Ndekirwa akaletwa na mnyororo. Nilikuwa nasikia kikohozi chake miezi yote hiyo, lakini sikuwahi kumtazama. Alikuwa mtoto mkubwa tu, ndevu ndio zinaanza kumtoka, amekonda, macho yake hayajui yakae wapi. Liwali akaniuliza, mwenye damu anasema nini.

Sauti katika ukumbi ule hupanda, niliwaambia. Yangu ilipanda mpaka darini.

"Mume wangu aliniambia chokaa ilikuwa mbichi, na aliyetaka kiunzi kitolewe si kijana huyu," nikasema. "Na mimi nimeshapokea isale. Sina damu ninayoidai."

Msimamizi akawa mwekundu, akasema maneno kwa lugha yao. Bwana shauri akamwinulia mkono, akamuuliza liwali isale ni kitu gani. Liwali akamweleza. Mdachi akafikiri, akauliza ni nani aliyeileta.

"Baba yake," nikasema. "Alikuja mwenyewe, alikaa pale chini ya tao."

Wameru wote ukumbini wakatazamana, maana wengi wao walikuwa wamemzika kwa mikono yao. Mdachi hakuelewa kitu, akaandika. Ni Ndekirwa peke yake aliyetabasamu. Huko kifungoni hakuna aliyemwambia kwamba baba yake amefariki. Alitabasamu uso mzima, anaangalia mlangoni, anamtafuta baba yake katika watu.

Tabasamu lile halijanitoka mpaka leo.

Hakunyongwa. Walimhukumu kufanya kazi kwa mnyororo mpaka nyumba iishe lipu, kisha aachiliwe. Msimamizi hakuulizwa neno, msitegemee hilo, Wadachi hawakuwa wanajiuliza wenyewe. Ila haikupita muda akahamishwa. Mimi ndiye niliyemwambia Ndekirwa habari ya baba yake. Nilimpelekea uji, nikamkalisha pale pale kizingitini, nikamweleza kwa Kiswahili kidogo na Kimeru kidogo alichonifundisha Ana. Aliposhindwa kukaa sawa nikamshika. Nikachukua mkono wake, nikaweka kidole gumba chake kwenye alama ya Sefu, nikamwambia baba yako alishika hapa.

Isale niliipanda penye pembe ya nyumba, karibu na mlango. Wadachi waliidhani ni ua. Wamekwenda zao, nyumba ina wenyewe wengine, na watunza bustani wengi wameing'oa, inarudi. Na mimi Pangani sikurudi tena. Kila mavuno Ndekirwa alishuka na mkungu wa ndizi begani, ndizi nilizokuwa nikizilalamikia, akanipasulia kuni, akaniezekea nyumba. Alipooa aliniletea mke nimtazame. Mtoto wake wa kwanza wa kiume alimwita Sefu. Mmeru anayeitwa Sefu, watu walicheka sana. Nilimchukua mtoto yule na wadogo zake nikawapeleka barazani, nikawainua mmoja mmoja, wakatia vidole vyao vidogo kwenye zile alama. Nikawaambia babu yenu alishika hapa. Wakaniuliza babu yupi, nikawaambia wote wawili.

Sasa nawaonya, na msichukulie mzaha. Kama una shauri lako kwenye nyumba ile, na mvua imekukuta barazani alasiri, utaona chini ya tao mahali pakavu, pakubwa kiasi cha mtu mmoja kukaa. Hapo usikae, pana mwenyewe. Masika yakifika mimi huwa naweka bakuli la uji hapo, napita kulichukua likiwa limejaa na limepoa. Na ukiona mzee amekunyooshea jani refu la kijani, tazama moyo wako kwanza kabla mikono haijatoka, maana lile halirudishwi. Mimi nilijaribu. Nilipanda mlima nalo mkononi kwenda kulirudisha, na tazameni nilivyorudi. Nimerudi na wajukuu.